Mchele wawageuza Wajapani

KWA miaka mingi mwanasiasa wa Japani aliyetaka kuchukiwa vijijini alikuwa na njia rahisi: aseme mchele wa nje uruhusiwe kuingia. Vyama vya ushirika vya wakulima vilidai isiingie hata punje moja, na wakazi wengi wa mijini, ambao ndio waliolipia msimamo huo kila walipokwenda dukani, hawakuona ubaya. Wakulima wetu wa skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, wanajua watu hao wanavyouthamini mpunga.

Mtihani wa kwanza ulikuja mwaka 1993. Majira ya joto yalikuwa ya baridi, mavuno yakapungua kwa karibu robo, na serikali ikaagiza mchele Thailand, China, Australia na Marekani. Walaji walipanga foleni kusaka mchele wa nyumbani huku ule wa Thailand, mrefu na usioshikamana, ukidoda madukani. Desemba mwaka huohuo Japani ilikubali katika mazungumzo ya biashara ya dunia kufungua mlango kidogo. Mavuno yaliporejea, mambo yakatulia.

Kilichobadilika baadaye ni jamii yenyewe. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula wastani wa kilo 118 za mchele kwa mwaka. Sasa hafikishi hata nusu kwa hesabu ya karibu. Wastani wa umri wa mkulima unakaribia miaka 70. Tangu miaka ya 1970 serikali iliwalipa wakulima wapunguze eneo la mpunga ili bei isianguke. Viwango rasmi viliondolewa mwaka 2018, lakini ruzuku ya kuhamia mazao mengine ikabaki. Nchi ikawa inalima kiasi cha kutosha tu, bila ziada ya maana.

Joto kali la mwaka 2023 liliharibu ubora wa mpunga. Agosti 2024 ikatolewa tahadhari ya tetemeko kubwa, watu wakakimbilia kununua akiba na rafu zikabaki tupu. Kufikia Mei 2025 mfuko wa kilo tano ulikuwa zaidi ya yeni 4,200, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Kwa fedha zetu ni takribani Sh15,000 kwa kilo.

Serikali ilishikilia kwamba mchele upo, ila umekwama kwa wafanyabiashara. Mchuuzi yeyote hapa kwetu ameshayasikia hayo. Agosti 2025 ilikiri kwamba uzalishaji ulikuwa haujatosha.

Mei 2025 Waziri wa Kilimo, Taku Eto, alisema hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake humpa mwingi. Ndani ya siku chache alikuwa amejiuzulu. Mrithi wake, Shinjiro Koizumi, aliuza mchele wa ghala la akiba ya taifa kwa takribani yeni 2,000 kwa kilo tano, na watu wakaupangia foleni ingawa ni wa misimu ya nyuma. Mchele wa California nao ukapata wanunuzi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hasira haikumwendea mkulima. Machi 2025 wakulima waliingiza matrekta katikati ya Tokyo wakidai kipato cha uhakika, wakati walaji wakidai bei nafuu, na wote waliilaumu serikali. Julai chama tawala na mshirika wake walipoteza wingi wa viti katika baraza la juu la bunge. Mchele haukuwa sababu pekee, maana gharama zote za maisha zilipanda na suala la wageni lilitawala kampeni, lakini ndio uliogusa kila jiko.

Waziri Mkuu Shigeru Ishiba aliahidi kuongeza uzalishaji. Serikali ya Sanae Takaichi, iliyoingia Oktoba 2025, ikarudi kwenye kauli ya kulima kulingana na mahitaji. Mwishoni mwa mwaka bei ilikuwa imepanda tena juu ya yeni 4,200. Kwa bei hiyo, mfanyabiashara anaweza kuingiza mchele wa nje, akalipa ushuru wote wa yeni 341 kwa kilo, na bado akapata faida. Mwaka 2025 wengi walifanya hivyo.