X Iko Kwa Simu Yako

Wasee, kuna sentensi nimechoka kuisikia: "Tangu nimalize shule sijawahi kutumia x." Mimi niliacha chuo, kwa hivyo siko hapa kutetea mwalimu yeyote. Lakini ingia duka lolote la simu hapa Nyeri mjini, ama Karatina, ama Nanyuki. X imebandikwa hapo mlangoni: lipa dipoziti, halafu pesa kidogo tu kila siku.

Tuseme simu ni 20,000 ukilipa keshi. Kwa mkopo, dipoziti 4,000, kisha 70 kila siku kwa siku 365. (Ni mfano wangu, weka namba za duka lako.) 70 bob inasikika kama chai na mandazi. Sasa andika:

y = 4,000 + 70x

X ni siku, y ni pesa yote imeshatoka mfukoni. Weka 365 mahali pa x, unapata 29,550. Umeongeza 9,550 juu ya bei.

Hapo hata kalkuleta ingekufikisha. Grafu inakuonyesha ni lini. Chini andika siku, pembeni pesa. Weka nukta moja kwa siku 0 na 4,000, nyingine kwa siku 365 na 29,550, unganisha na rula. Halafu chora mstari wa keshi, umelala tu pale 20,000. Inakutana wapi? 20,000 toa 4,000 ni 16,000, gawa kwa 70: siku ya 229. Miezi saba na nusu hivi. Kutoka hapo ushamaliza bei ya simu, na bado una siku 136 za kulipa. Ukikosa, simu inajifunga.

Sisemi mkopo ni wizi. Kama huna 20,000 na hiyo simu ndiyo inakuletea wateja wa boda, 9,550 inaweza kuwa bei ya haki ya kutongoja. Lakini uamue ukiwa umeiona.

Aprili 2025 Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alitangaza hesabu itakuwa lazima kwa wote sekondari ya juu: walio STEM wasome ile nzito, wengine nyepesi. Kuna waliolalamika. Mimi naunga mkono, bora tu hiyo nyepesi isinyimwe grafu. Huyo anayeenda sanaa na michezo ndiye kipato chake leo kiko, kesho hakuna. Ndiye anauziwa kila kitu kwa bei ya siku. Na manze, mifano ya maembe ya Juma tuipumzishe.

Ukienda dukani uliza vitu vinne: dipoziti, malipo ya siku, siku ngapi, na bei ya keshi. Muuzaji akizungukazunguka kwa hiyo ya nne, anajua ukiipata utachora mstari wa pili.