Tanzanite: jiwe ni la kweli, je na ahadi yake?

Wadau, hapa Marangu nimekuwa nikisikia vijana wakishauriana wanunue tanzanite waiweke, eti ni bora kuliko benki. Hoja yao: jiwe linapatikana Mererani tu duniani kote, likiisha bei itapaa. Mimi naona hapo kuna maswali mawili na watu wanayachanganya.

La kwanza: jiwe ni feki au la? Hili linajibika. Kioo cha bluu hata ukigeuzegeuze rangi ni ileile. Tanzanite ukiigeuza inatoa bluu upande huu, zambarau upande ule. Ila kuna feki ya kiwandani iitwayo fosteraiti, hiyo inafanana nayo sana. Chukua lenzi ya sonara uchungulie kwa juu: kingo za nyuma utaziona mbili mbili. Ukishindwa, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania. Na usidanganywe kwamba jiwe lililochomwa ni feki. Karibu tanzanite zote sokoni zimechomwa, maana nyingi zikitoka shimoni ni za kahawia.

La pili ndilo gumu: thamani itadumu? Jiwe lilijulikana 1967, na jina lenyewe lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Yaani kuchimba tunachimba sisi, lakini hamu ya kulinunua inatengenezwa Marekani. Novemba 2001 gazeti la Wall Street Journal lilipolihusisha jiwe hili na Al-Qaeda, Tiffany wakaacha kuliuza kwa muda na bei ikaporomoka. Baadaye serikali ya Marekani ikasema haina ushahidi, lakini mchimbaji mdogo alishaumia. Na matangazo ya miaka ya 2000 yalisema ni jiwe la kizazi kimoja tu... mbona hadi leo linachimbwa?

Najua mtu atasema: na Laizer je? Kweli, Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, kilo 9.27 na kilo 5.1, akapata zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Si mchezo! Lakini yeye ni mchimbaji, alitoa mawe shimoni mwake. Wewe unayenunua kipande kilichokatwa unamlipa mchimbaji, dalali, mchomaji, mkataji na mwenye duka, wote kwa mkupuo. Siku ukitaka kuuza, hakuna atakayekurudishia faida zao. Tena kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela muulize muuzaji swali moja: mwakani utalinunua tena kwa shilingi ngapi, na utaandika? Akianza kukupa hadithi za jiwe kuisha, jibu umeshapata.

Mimi kama ningekuwa na akiba ningejifunza kukata na kung'arisha. Kwa miaka mingi tanzanite yetu imekatwa Jaipur, India. Mwaka 2010 serikali ilizuia mawe ghafi yanayozidi gramu moja kwenda nje, ili kazi hiyo ifanyike hapa. Bei ya tanzanite ikianguka, fundi atakata ruby au garnet. Mwenye jiwe kabatini atasubiri tu.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?