Samaki wa Mwalimu anatoka kisiwa gani?

Kuna samaki wa Ziwa Victoria ana jina la Mwalimu. Kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei; hilo la nyererei alipewa na wanasayansi mwaka 1985. Watu wa Mwanza wao hawana makuu: huyo na ndugu zake wote ni furu, basi. Dume ni mwekundu mgongoni, ubavuni ana njano na mistari myeusi. Jike amefifia tu.

Huyu mheshimiwa anafugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani, na wafugaji makini hawamuuzi kwa jina tupu. Wanaandika na kisiwa alikovuliwa: Makobe, Ruti, Python. Wapo wanaocheka, eti samaki ni samaki. Mimi nawaunga mkono wanaoandika.

Hebu tazama. Jike huchagua dume kwa rangi, na rangi hubadilika kisiwa hadi kisiwa. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, jike hatofautishi tena. Makobe, kwenye maji maangavu, nyererei na binamu yake wa bluu kila mmoja yuko kivyake. Python, ndani ya Ghuba ya Mwanza kwenye tope, wanazaa machotara. Ongeza na sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 akafagia furu wengi miaka ya 1980. Yaani kuna siku tangi la mtu huko Ujerumani litakuwa na kitu ambacho ziwa letu halina.

Sasa changanya majike wa visiwa viwili kwenye tangi moja. Nani atawatenganisha? Kwa macho, hakuna. Watoto watakuwa wazuri, sikatai, wauze kama machotara. Kuwaita wa Makobe ni utapeli, sawa na mchele wa kawaida kuuzwa kwa jina la Kyela.

(Habari za "damu safi" kwa binadamu zinanichefua, msinielewe vibaya. Naongelea samaki.)

Tena kumbukumbu hazimfungii samaki ndani. Ukizalisha ndugu kwa ndugu miaka nenda rudi, kizazi kinadhoofika. Utahitaji dume wa mfugaji mwingine, wa kisiwa kilekile. Utamjuaje kama hakuna aliyeandika?

Kwa hiyo ukinunua, uliza: kisiwa gani, kavuliwa mwaka gani, kazaliwa kwa nani. Muuzaji akikujibu "ziwani", mnunue kwa urembo wa sebuleni, ila watoto wake usiwaandikie kisiwa.