Tamko la Walimu wa Hisabati wa Sumbawanga Kuhusu Akili Unde na Uthibitisho

Sisi, wanachama wa chama cha walimu wa hisabati wa Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa, tunatoa tamko hili kwa wanafunzi, wazazi na wasimamizi wote wa elimu mkoani Rukwa.

Mwaka 2021 mtafiti Adam Wagner alitumia programu inayojifunza kwa kujaribu na kupewa alama, akaipima kwenye nadharia ya grafu, yaani hisabati ya nukta na mistari inayoziunganisha. Dai moja ambalo wataalamu hawakuwa wamelithibitisha likaangushwa na grafu yenye nukta 19. Mashine ndiyo iliyotafuta, lakini dai lilianguka kwa sababu grafu hiyo inakaguliwa, na hesabu yake inapigwa na yeyote anayeijua.

Kabla ya hapo, mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha kwa kompyuta kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana. Wengi walisita, kwani hakuna aliyeweza kuikagua kazi yote kwa mkono. Mwaka 2005 Georges Gonthier aliithibitisha upya ndani ya programu inayohakiki kila hatua.

Msimamo wetu ni huu: jibu lisilo na uthibitisho halijawa hisabati, liwe limetoka kwa mtu au kwa mashine.

Uthibitisho hauhitaji vifaa vya gharama. Chora ubaoni barabara nne tu zinazotoka Sumbawanga: ya Laela, ya Matai, ya Namanyere na ya Muze. Je, lori la mbolea laweza kupita kila barabara mara moja bila kurudia? Leonhard Euler alijibu swali la aina hii mwaka 1736. Kila lori linapoingia mjini na kutoka, hutumia barabara mbili. Hivyo mji wenye idadi witiri ya barabara lazima uwe wa kuanzia au wa kuishia safari, na miji hiyo haiwezi kuzidi miwili. Katika mchoro wetu iko minne: Laela, Matai, Namanyere na Muze, kila mmoja ukiwa na barabara moja tu. Haiwezekani, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kueleza kwa nini.

Kwa hiyo:

1. Tunawataka walimu wenzetu wamruhusu mwanafunzi kutumia akili unde pale tu anapoweza kusimama ubaoni na kuitetea kila hatua.

2. Tunaliomba Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu Tanzania kuyapa uzito zaidi maswali ya kuthibitisha.

3. Tunaziomba halmashauri zote za Rukwa kuwapatia walimu wa vijijini mafunzo ya zana za akili unde, wasiachwe nyuma ya wenzao wa mjini.

4. Tunawasihi wazazi wawaulize watoto wao "umejuaje?" kabla ya kuuliza "umepata ngapi?"

Kwa upande wetu, tunaahidi kufundisha uthibitisho katika kila darasa tulilokabidhiwa, na tuko tayari kupimwa kwa ahadi hiyo.

Limetolewa Sumbawanga,
Uongozi wa Chama, kwa niaba ya wanachama wote.