Mpiga Sinema Huru ni Shahidi wa Taifa

Tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo kwamba ushahidi wa mambo mazito haukamiliki kwa shahidi mmoja. Serikali inazo taarifa zake na picha zake, na ni haki yake. Lakini taifa linalojitazama katika kioo cha ofisi peke yake haliwezi kukiona kisogo chake.

Tumchukue Joris Ivens, Mholanzi aliyezaliwa Nijmegen mwaka 1898, mwana wa mwenye duka la vifaa vya picha. Kazi zake zilikuwa za namna nyingi. Mwaka 1929 alitoa Regen, filamu fupi juu ya mvua inyeshayo mjini Amsterdam. Mwaka 1933, pamoja na Henri Storck wa Ubelgiji, alionyesha dhiki ya wachimba makaa wa Borinage. Mwaka 1937 ikatoka filamu yake ya vita vya Hispania. Na filamu yake juu ya mto Seine, ya mwaka 1957, ilipata tuzo kuu ya filamu fupi huko Cannes.

Linalotuhusu zaidi sisi watu wa visiwani ni jambo la mwaka 1945. Serikali ya Uholanzi ilikuwa imempa cheo cha kamishna wa filamu kwa makoloni yake ya Indonesia. Agosti mwaka huo Indonesia ikatangaza uhuru, na Uholanzi ikakusudia kurejesha utawala wake. Ivens akajiuzulu mwezi Novemba. Huko Sydney akawapiga picha mabaharia na wachukuzi wa bandari waliogoma kuzihudumia meli za Uholanzi. Filamu hiyo, Indonesia Calling, ilitoka mwaka 1946. Kwao akaonekana msaliti, na kwa miaka kadhaa akasumbuliwa hata katika kupatiwa pasi. Mwaka 1985 waziri wa Uholanzi alimkabidhi tuzo na kukiri kwamba historia imempa haki Ivens.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Filamu zake ndefu juu ya China, za mwaka 1976, zililaumiwa kwa kuyasadiki mno yale aliyoonyeshwa na wenyeji wake. Lawama hiyo nayo ni funzo: jicho lililoazimwa, hata na rafiki, hupungua nuru. Kwa hiyo uhuru wa mpiga sinema si hisani tunayomfanyia. Ni faida kwa Serikali inayotaka kujua hali halisi ya wananchi wake.

Hapa Unguja, mwaka 1948 wachukuzi wa bandari waligoma, na mgomo ukaenea mjini. Kila mwaka tunawazika wazee wanaozikumbuka siku zile, na kila anayezikwa huenda na ushahidi wake. Tangu mwaka 1998 mji wetu umekuwa na tamasha la kimataifa la filamu. Jukwaa lipo, la lazima sasa ni kuwawezesha vijana wetu kuwafikia wazee hao mapema.

Tunawaomba maofisa wanaohusika watoe vibali kwa wakati, wafungue milango ya nyaraka, na wasiikatae kazi kwa sababu tu haikuwasifu. Mpiga sinema naye ana wajibu wake: aseme kweli, wala asiigeuze shida ya mnyonge kuwa bidhaa.

Waholanzi walichukua karibu miaka 40 kumshukuru shahidi wao. Wazee wetu hawana muda huo.