Sare ya Fischer na Spassky haikuwa ya woga

Hapa kwetu, mechi ikiisha sare, watu husema hakuna kilichofanyika. Kwa sare nyingi ni kweli. Katika sataranji, wachezaji wawili wanaweza kupeana mikono mapema, kila mmoja akaondoka na nusu pointi bila jasho. Lakini kutia sare zote katika kapu moja ni kuwanyima haki waliozipigania.

Tuchukue pambano la saba la ubingwa wa dunia, tarehe 25 Julai 1972, mjini Reykjavik, Islandi. Bobby Fischer wa Marekani alikuwa akiongoza kwa pointi 3,5 dhidi ya 2,5 za bingwa Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti. Siku hiyo Fischer alicheza na weusi. Anayeongoza, tena akiwa na weusi, kwa kawaida hutafuta njia tulivu. Yeye alichagua ulinzi wa Kisisilia, tawi la Najdorf, na ndani yake njia yenye hatari kubwa: katika hatua ya 8, malkia wake aliingia peke yake upande wa adui kula askari wa b2. Askari huyo huitwa "mwenye sumu", kwa sababu anayemla hupoteza muda, na malkia anaweza kufungiwa huko asione njia ya kurudi.

Spassky hakungoja. Hatua ya 14 alisukuma askari wake hadi f5 ili kufungua njia kwenye mfalme mweusi. Hatua ya 15 akamtoa askofu wake aliwe. Farasi wake akaingia d6, akamlazimisha mfalme kuhama, kisha akala askofu mweusi na hesabu ya vipande ikawa sawa. Fischer alinusurika akiwa na askari mmoja zaidi, baadaye wawili. Lakini aliulipia utajiri huo: ngome yake ya h8 haikusogea hata mara moja mpaka mwisho.

Mwishoni Spassky alikuwa na askari wawili tu dhidi ya wanne. Hata hivyo, alikusanya ngome zake mbili na farasi kumzunguka mfalme mweusi, ambaye alikuwa ametembea mpaka f3, ndani kabisa ya upande wa adui. Fischer akachagua kumtishia mfalme mweupe kwa ngome, huku na huku, bila kikomo. Hatua ya 49, sare.

Wachambuzi wengi humlaumu Fischer kwamba aliachia ushindi. Sikatai kwamba nafasi alikuwa nayo. Ila lawama hiyo inamsahau mtu wa pili mezani, ambaye kwa vipande vichache alimpa mpinzani tatizo jipya kila mara. Nusu pointi ile Spassky hakupewa, aliitafuta mwenyewe.

Anayedhani sumu ile ilikuwa maneno tu, atazame pambano la 11. Fischer alirudi kumla askari yuleyule. Safari hii Spassky alirudisha farasi wake b1, alikotoka mwanzo, malkia mweusi akanaswa, na Fischer akakubali kushindwa katika hatua ya 31.

Fischer alitwaa ubingwa kwa 12,5 dhidi ya 8,5. Kati ya mapambano 20 waliyoyacheza mezani, 11 yalikuwa sare. Hakuna anayesema fainali ile ilikosa ladha.

Kwa hiyo, tatizo si sare, ni sare ya kupatana. Mashindano mengine yanakataza wachezaji kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30. Waandaaji wetu wangefanya vizuri kuiga sheria hiyo, na walimu wawaoneshe vijana pambano hili la saba. Kijana anayefika sare baada ya kuhatarisha kila kitu amejifunza zaidi kuliko aliyepeana mikono kwa kuogopa kupoteza.