Neno Gumu Halikaririwi

Wako wanachuo wanaodhani kuwa kulijua neno gumu la Kiingereza ni kuikariri fasili yake. Maoni yangu ni tofauti. Tulichukue neno "acumen", yaani ukali wa akili katika kung'amua mambo. Asili yake ni Kilatini, na huko maana yake ya kwanza ni ncha kali.

Mwanachuo wa Handeni au Korogwe hana haja ya kwenda mbali. Mkoa wa Tanga ni mashuhuri kwa mkonge, na jani la mkonge lina mwiba mkali kwenye ncha yake. Kiswahili nacho husema "akili kali". Basi na aanze na kitu, afuatishe wazo, amalizie na neno. Kisha alitungie sentensi juu ya mtu anayemfahamu.

Anayejifunza hivyo atafundisha hivyo, hata maneno mepesi ya darasa la tatu. Tusilidharau jambo hili. Katika shule nyingi za serikali, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili shule ya msingi, na kwa Kiingereza sekondari. Aliyezoeshwa kukariri atafika huko na maneno mengi asiyoyaelewa.